Waya wa Kahawia

Reemt Hayunga alitia umeme nyumba za Ockenwarf kwa miaka arobaini na mitatu, na ukitaka kumuudhi, mwambie kuna kazi ya waya asiyoiweza. Kanisa alilitia yeye. Ghala la maziwa alilitia yeye. Hata baada ya kustaafu, taa za mti wa Krismasi wa kijiji hazikuwashwa mpaka yeye asimame pale na kofia yake, apige swichi, kisha atazame watu kama anayengoja kushukuriwa. Kwa hiyo redio ya gari, kitu kisichozidi tofali, wala hakuihesabu kuwa kazi.

Redio yenyewe ilikuwa ya Gesche, mkewe. Huu ulikuwa mwaka wa pili Gesche akikaa katika nyumba ya wazee ya Suderhamm, kilomita kumi na nne kutoka kijijini, kwa ajili ya ugonjwa wa kusahau. Jina la mumewe lilikuwa limemtoka tangu kiangazi. Kila siku saa kumi alasiri Reemt alifika, akammiminia chai juu ya jiwe la sukari, akatia malai pembeni mwa kikombe bila kukoroga, na Gesche akamshukuru kwa adabu: "Asante, bwana wewe. Una moyo mzuri." Nyimbo lakini alizijua zote, ubeti kwa ubeti. Ndipo Reemt alipopata wazo la kumtoa kila Jumapili, wazunguke na gari kando ya tuta la bahari huku nyimbo zao zikilia. Redio ya zamani ilikwisha meza kaseti mbili, akanunua mpya ya kuchomeka flashi.

"Mpelekee fundi wa magari, Baba," alisema Theda, binti yao wa pekee, mwalimu wa hesabu. "Gari si nyumba."

"Umeme ni umeme. Haujui kama uko jikoni au uko garini."

"Wewe huambiliki."

"Nimezaa asiyeambilika, nimejifunza kwake."

Theda hakucheka. Tangu Oktoba, Reemt alipokwaruza nguzo ya lango la duka la mbolea, alikuwa amemwambia baba yake neno moja bila kupepesa macho: kosa moja tena, funguo za gari nazichukua mimi. Reemt alilielewa neno hilo vizuri mno. Basi la Suderhamm lilikuwa la wanafunzi, linakwenda asubuhi na kurudi adhuhuri, na shule zikifungwa halionekani kabisa. Bila gari angemwona Gesche mara moja kwa wiki, siku Theda akiwa na nafasi. Kwa mwanamke asiyekumbuka hata aliyemnywesha chai jana, wiki moja ni muda mrefu sana.

Kazi aliifanya Jumatano, uani, mvua ikinyunya. Plagi ya redio mpya haikuingia kwenye plagi ya gari, basi akazikata zote mbili na kuanza kuunganisha waya kwa waya. Nyekundu kwa nyekundu, hiyo haikumsumbua. Upande wa gari zikabaki nyaya mbili, mmoja wa kahawia na mmoja wa buluu yenye mstari wa kijivu. Sasa, katika kila nyumba aliyowahi kuingia na bisibisi yake, waya wa kahawia ndio unaoleta moto, na wa buluu ndio unaourudisha. Mkono wake ulijua hivyo hata akiwa usingizini. Akauviringisha ule wa kahawia kwa tepu nyeusi, tabaka tatu, usije ukamchoma mtu, na ule wa buluu akaufunga kwa waya mweusi wa redio, ulio wa kurudisha moto.

Mita ya kupimia ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, hatua mbili nyuma yake. Huyu ndiye yule yule aliyewapigia kelele mafundi wake miaka nenda miaka rudi: rangi inadanganya, pima. Lakini goti lilikuwa linauma, mgongo umekunjika chini ya dashibodi, na mtu aliyetia umeme kanisani anapima nini kwenye gari? Akachomeka antena, akasukuma redio mahali pake, akabonyeza. Redio ikaimba. Reemt akaingia ndani akajipongeza kwa chai yenye mawe mawili ya sukari.

Jioni ile alipowasha taa za gari, kitu kililia "tak" chini ya usukani, na taa zote ndogo za dashibodi zikazimika. Redio ikaendelea kuimba. Reemt alibaki ameduwaa, mkono juu ya swichi. Akatafuta fyuzi iliyoungua, akatia nyingine, akawasha. Tak. Alishtuka safari hii kuliko ya kwanza, maana mara ya kwanza mtu hudhani ni bahati mbaya. Kwa miaka yote ile hakuna kitu alichokiunganisha yeye kikamlipukia mkononi. Akatazama mbele, taa kubwa zilikuwa zinamulika ukuta wa banda sawasawa. Akajituliza: ni vibalbu vya dashibodi tu, atavitazama Jumamosi, na mwendo wa gari anaujua kwa masikio. Hakuzunguka kwenda kutazama nyuma. Ni hatua sita. Hapo hana utetezi wowote, na baadaye hakujaribu kujitetea.

Ijumaa ukungu ulishuka mapema. Ilipofika saa kumi kasoro robo, mashamba yalikuwa yamekwisha fifia pande zote, na Reemt akaendesha kwa mwendo wake wa kawaida, ule unaowafanya vijana wapige honi. Karibu na daraja dogo la mtaro mkuu aliona kwenye kioo taa za gari likija kwa kasi nyuma yake.

"Haya, pita basi, mwenye haraka," akasema peke yake.

Gari halikupita. Alipotazama kioo tena baada ya daraja, nyuma hapakuwa na taa. Akaona labda limekata kuingia shambani kwa mtu, akafurahi kuachwa na barabara yake.

Suderhamm alikuta kiti cha Gesche kitupu.

"Theda alimpeleka kwa daktari wa macho kule kijijini kwenu, Bwana Hayunga," alisema Swantje, muuguzi wa zamu. "Wako njiani. Nikuletee birika?"

Reemt akaandaa vikombe vitatu. Ilipofika saa kumi na robo simu ya Swantje ikalia. Akasikiliza, akamkabidhi mzee ile simu.

"Baba, usishtuke," ilisema sauti ya Theda, na meno yake yalikuwa yanagongana. "Tuko salama. Tumeingia mtaroni pale darajani. Mama hana kitu, amelowa miguu tu. Mimi nimeumia mkono."

"Mmeingiaje mtaroni?"

"Mtu. Mtu ana gari halina taa hata moja nyuma, katika ukungu huu. Sikumwona mpaka alipopiga breki, taa za breki zikawaka puani mwangu, nikakata usukani. Na hakusimama, Baba. Ameenda zake. Maji yalikuwa yanaingia miguuni mwa Mama, na yeye ameenda zake."

"Nakuja."

"Usije. Gari la wagonjwa linatuleta huko. Kaa hapo hapo."

Reemt alirudisha simu. Swantje alisema kitu, hakukisikia. Alitoka nje bila koti mpaka kwenye gari, akaingia, akawasha taa, akatoka, akazitembea zile hatua sita.

Nyuma palikuwa giza. Taa ya kushoto hakuna, ya kulia hakuna, ya namba hakuna. Alikigusa kioo cha taa kwa kiganja kama anayemgusa mtu kuona kama anapumua. Akashika buti la gari. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine. Ni yeye. Mke wake na mwanawe walikuwa kwenye zile taa alizoziona zikipotea, naye akafurahi.

Hakujua alivyofika tena ndani ya gari. Aliing'oa redio kwa kucha, akachukua mita kutoka kwenye sanduku la vifaa lililokuwa bado kwenye kiti cha nyuma, na sasa akapima. Ule waya wa kahawia aliouviringisha tabaka tatu haukuwa na moto wowote. Katika gari hili wa kahawia ndio unaokwenda kwenye bodi ya gari, ndio wa kurudisha. Na ule wa buluu ulikuwa wa taa. Kila alipowasha taa, moto wake ulipitia kwenye redio, ukashuka kwa waya wa antena mpaka kwenye bodi, ukaichoma fyuzi. Fyuzi ile ile ndogo ndiyo iliyolisha dashibodi, namba na taa zote mbili za nyuma. Alikuwa amefunga waya kama wa nyumbani. Kanisani ungekuwa sahihi kabisa.

Akaukata ule wa buluu. Akatia fyuzi mpya. Hapakulia tak. Alipozunguka tena nyuma, taa mbili nyekundu zilikuwa zinawaka katika ukungu, nzuri, kamili, na palepale likamjia wazo ambalo lilimtia hofu kuliko giza la mwanzo: hakuna atakayejua. Theda hakuona namba. Gari ni zima. Kesho saa kumi atakuja kunywa chai na mkewe kama kawaida, na keshokutwa, na Jumapili.

Waliwaleta baada ya nusu saa. Theda alikuwa amefungwa bendeji mpaka kiwikoni, nywele zimemganda usoni. Gesche alikuwa amefunikwa blanketi mbili, mashavu mekundu, mchangamfu kuliko siku zote. Reemt alipiga magoti akamvua soksi zilizolowa, akaisugua miguu yake kwa taulo, na hakuthubutu kuinua uso.

"Mtu wa namna gani huyo, Baba," alisema Theda, "anayeacha watu mtaroni?"

Reemt alisugua miguu.

"Nilimwambia binti huyu," alisema Gesche. "Nilimwambia, huyo mbele ni Reemt, mpungie mkono. Hakunisikia."

Taulo ikasimama. Jina hilo hakulisikia kinywani mwake tangu Julai.

"Ndivyo anavyosema tangu mtaroni," Theda alimwambia Swantje kwa sauti ya chini. "Ni Reemt, ni Reemt. Amewaambia mpaka watu wa gari la wagonjwa. Wamemhurumia."

"Ni mshtuko," alisema Swantje, akachukua daftari lake. "Nitaandika kwamba leo amechanganyikiwa zaidi. Daktari ataona kama tumwongezee ile dawa ya kumtuliza."

"Sijachanganyikiwa," alisema Gesche.

"Hapana, Mama. Umechoka tu."

Reemt akamtazama mkewe. "Ulijuaje kwamba ni yeye?"

Gesche alimwinamia, kwa heshima ile ile anayowapa wageni. "Alipiga breki kabla ya daraja, bwana wewe. Pale hapana haja ya breki, kila mtu anapita tu. Ila gari huruka pale, na mgongo wangu mbovu. Tangu tuoane anapiga breki pale. Hata akiwa peke yake, maskini, anasahau kwamba simo."

Swantje alikuwa ameanza kuandika.

"Usiandike," alisema Reemt. Akainua mkono kuelekea daftari. "Usiandike hivyo. Anasema kweli. Aliyekuwa mbele ni mimi."

Theda alimtazama kwa uchovu. "Baba, tafadhali, na wewe usianze. Gari lako nimelipita mlangoni sasa hivi. Umesahau kuzima taa, zinawaka zote."

"Zinawaka kwa sababu nimezitengeneza nusu saa iliyopita. Ni ile redio. Nilifunga waya vibaya. Tangu Jumatano naendesha bila taa za nyuma na sikwenda kutazama." Akaiweka taulo chini. "Niliziona taa zenu zikipotea, Theda. Sikusimama."

Uso wa Theda ulibadilika polepole, na Reemt akajilazimisha kuutazama mpaka mwisho. Alitegemea maneno makali, alikuwa tayari kwayo. Theda alinyoosha tu mkono wake mzima, kiganja juu. Reemt akatoa funguo mfukoni akaziweka pale. Zilikuwa bado zina joto la mwili wake.

Gesche alikuwa amewafuata wote wawili kwa macho, akimhurumia mgeni huyu aliyepiga magoti mbele yake na kulia. Akampapasa begani.

"Usijali, bwana wewe," alisema. "Kesho saa kumi Reemt atakuja. Hajawahi kukosa hata siku moja."