Chokochoko Ndani ya Koti

Mwanasesere wa mjukuu wangu nilimshona mwenyewe kwa vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani ya mwanangu. Jicho moja ni kifungo chekundu, jingine cheusi. Tumboni ana pamba, kichwani ana hila tupu. Tulimwita Chokochoko.

Utepe wa kupimia ukifungwa mkiani mwa paka, ni yeye. Uzi ukizungushwa kwenye miguu ya viti, ni yeye. Mwanangu akigomba, mjukuu hujibu, "Si mimi, Mama, ni Chokochoko."

Asubuhi moja mwanangu alichoka. "Haya, kama ni yeye, asikie. Ukorofi mmoja tu tena, namfumua! Pamba yake najazia mto wa sindano."

"Kha!" alisema Chokochoko. "Mimi nichomwe sindano?"

Mwanangu hakusikia kwa kelele za cherehani. Mimi nilisikia, maana masikio yangu siku hizi hayana kazi nyingi.

"Basi tulia, Chokochoko," nikamwambia.

"Nimetulia, Bibi. Mimi na maji mtungini, nani kimya zaidi?"

Alitulia mpaka lilipopigwa pasi koti la mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, yule ambaye watoto humwita Mzee Ndimu kwa jinsi anavyokunja uso. Alikuwa anamwoza binti yake mchana ule. Mfuko wa ndani ulikuwa wa hariri.

"Nauonja tu," Chokochoko akanong'ona, akajitumbukiza. Hariri ikambembeleza, usingizi ukamchukua. Nami nilikuwa nimesinzia kwenye kiti changu. Mzee Ndimu akaja, akavaa koti lake, akaenda.

Alasiri mjukuu alimtafuta rafiki yake kwenye kapu la vitambaa, chini ya kanyagio la cherehani, hata ndani ya kiatu changu. Kisha akautazama msumari mtupu lilipokuwa limetundikwa koti. Midomo ikaanza kumcheza.

"Bibi, nikimwambia Mama, atamfumua. Nisipomwambia, atapotea."

"Wewe unaonaje?"

Akavuta kamasi, akamwendea mama yake. "Mama, Chokochoko ameondoka na koti la Mzee Ndimu. Mfumue tu, lakini kwanza nisaidie kumrudisha."

Mwanangu alishika kichwa. "Mungu wangu! Mteja wangu, mbele ya wakwe zake!" Lakini hakumgombeza mtoto. Alimfuta machozi kwa pindo la gauni, akavaa viatu.

Kabla hajafika mlangoni, Mzee Ndimu huyo, na uso wake ule ule.

"Fundi, koti lako lina mtu."

"Nisamehe, Mwalimu..."

"Ngoja. Nilisimama kutoa nasaha. Jasho likanitoka, maneno yote yakanikimbia. Nikachomoa leso nijifute uso. Nimeshajifuta mara mbili ndipo naona leso ina macho! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti yangu alicheka mpaka akaniegemea begani. Hajacheka hivyo tangu mama yake atutoke. Nami..." Akakohoa. "Nami nikacheka kidogo."

Akamtoa Chokochoko taratibu, amefungwa kwenye leso ya kweli.

"Watoto walimgombania, mkono ukachomoka. Nimeushona. Usinicheke, fundi, mimi ni mtu wa chaki."

Mishono ilikuwa kama nyayo za kuku matopeni. Nikawaza: mzee wa watu ameacha wageni wake akae na sindano, kisa mkono wa mtoto wa matambara.

Mwanangu akachukua mkasi. Mjukuu akafumba macho. Chokochoko akakakamaa kama kijiti.

Katwa! Uzi mmoja tu, ule uliokuwa ukining'inia.

"Mshono wa Mwalimu siufumui," mwanangu akasema. "Mto wa sindano nitaujaza vitambaa."

Mzee Ndimu alitoka, na nikamwona dirishani akipapasa mfuko wa ndani na kutabasamu peke yake.

Mwanangu akarudi kwenye cherehani, akainua kapu, akainua utepe, akainama chini ya meza.

"Mama, umeiona kastabini yangu?"

Chokochoko alikuwa mapajani kwangu, ameivaa kinga hiyo ya kidole kama kofia, ananikonyeza kwa kifungo chekundu.

"Sijaiona, mwanangu," nikasema, nikamfunika kwa mtandio.