Baba Hakulala Kwangu

Tangu tumalize azaa, matanga ya Baba, kaka yangu Amur alikuwa na wimbo mmoja tu: asilimia arubaini. Kwamba nyumba ya London ninayokaa na wanangu itadaiwa kodi ya mirathi asilimia arubaini, na kwa kuwa pesa hizo hatuna, itauzwa. Aliuimba njia nzima ya Maskati, kutoka Bawshar mpaka Khuwair ya Kusini, asubuhi tuliyokwenda kwa mwanasheria. Nilitamani nimtie tende mdomoni anyamaze.

Hofu ya kukosa pa kukaa ilinitosha, lakini nilikuwa na langu jingine. Nyumba ile Baba aliinunua nilipoachika, akaniweka mimi na wanangu. Yeye mwenyewe hakulala humo hata usiku mmoja. Joto la Maskati likipamba moto alikuja London kiangazi kizima, akapanga chumba mtaa wa pili. Kwangu alikula, akacheza na wajukuu, kisha akavaa viatu akaondoka. Kila mwaka nilimtandikia kitanda, na kila mwaka nilikitandua nikilia. Niliamini hajanisamehe kuachika kwangu.

Balqees, mwanasheria wa Baba, alitumiminia kahawa kwanza.

"Nyumba ile si ya marehemu," alisema. "Zamani aliitia katika amana. Wenyewe ni wadhamini, na wao ndio huamua nani katika watoto na wajukuu anufaike. Wewe Bi Mahbuba wamekuruhusu ukae. Marehemu alijitoa kabisa, hakubakisha haki yoyote."

"Na hiyo arubaini?" Amur alidakia.

"Haipo. Amana ina kodi yake kila miaka kumi, haizidi asilimia sita, na wadhamini huilipa kwa pesa za pango la duka lililo chini ya nyumba. Siku wakimpa mmoja wenu nyumba iwe yake, itakuja kodi nyingine, nayo ndogo."

Alhamdulillahi! Pumzi zilinirudi. Amur naye akakumbuka kahawa yake.

"Ila arubaini ingekuwepo," Balqees aliendelea, "lau angekuwa akikaa humo bure kila kiangazi. Kule ukitoa kitu kisha ukaendelea kukitumia, wanakihesabu bado chako. Nilimwambia siku chache hazidhuru. Akanambia, 'Nnajijua mie. Nikilala kwa mwanangu usiku mmoja, sitoweza kuondoka. Bora nisianze.'"

"Mbona hakunambia?" niliuliza.

"Alisema ungeona bora nyumba iende, kuliko yeye kulala kwa watu."

Ni kweli, ningesema hivyo hivyo. Nililia mbele yao bila haya, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu azikwe.

Garini Amur aliwasha injini, kisha akanigeukia.

"Dada," alisema, "mie nikija kiangazi, naruhusiwa kulala?"

"Baba alijitoa, wewe umo katika amana," nilimjibu. "Njoo. Kitanda tayari."