Mkono Uliofumbwa

"Punguza uso, dada," msemaji alimwambia mkalimani huku akikaza tai mbele ya kioo. "Mikono sina shida nayo. Ni huo uso."

Mkalimani alikuwa akijipaka mafuta mikononi, maana ngozi kavu huonekana vibaya chini ya zile taa za televisheni. "Uso ni nusu ya lugha, bosi. Nikiuzima, nitakuwa kama wewe ukisoma taarifa mdomo umefungwa."

"Nakuelewa. Lakini umeona wanavyotucheka huko nje?"

Ameona. Nani hajaona? Tangu nyambizi ya watalii ishuke kwenda kutazama mabaki ya meli ya zamani na isirudi juu, watu hawakuwa na habari nyingine. Kila mchana msemaji alisimama kwenye ukumbi wa bandari kueleza meli gani zinatafuta na wapi, na pembeni mwa skrini, ndani ya kiduara kidogo, alikuwepo yeye, akiyageuza maneno yale kuwa lugha ya alama. Halafu mjuaji mmoja akakata kipande ambamo mkalimani anavimbisha mashavu na kutoa macho kuonyesha uzito wa maji kule chini. Akakiwekea ngoma na kukirusha mtandaoni. Kabla jua halijazama, mkalimani alikuwa na jina jipya mjini: Mama Nyuso.

Na asubuhi hii, kabla hajaja kazini, muuza mboga alimpokea kwa kelele. "Mama Nyuso! Tufanyie ile ya kina kirefu nikuongezee kitunguu!"

Wateja walivunjika mbavu. Mwanamume mmoja aliyebeba gunia begani alisema matajiri wale wamejitakia, hela zimewawasha mpaka wakaenda kuzichezea chini ya bahari.

"Lakini mle ndani kuna kijana wa kazi," muuza mboga alimjibu. "Yule anayeiendesha."

"Basi yeye tumwombee. Wale wengine shauri yao."

Yaani Mungu achambue, kama mtu anayechagua nyanya. Mkalimani naye alicheka kidogo, kwa sababu ni vigumu kusimama peke yako bila kucheka katikati ya watu wanaocheka, na alipoondoka na kitunguu chake cha bure aliona aibu njia nzima.

Watalii wanne waliokuwa ndani ya nyambizi, dunia ilishawajua hadi majina ya mbwa wao. Yule kijana alikuwa na picha moja tu, tena yenye ukungu, ameshika spana na anamcheka aliyekuwa akimpiga picha. Na alikuwa na mama. Mama yule ni kiziwi.

Juu ghorofani walikuwa wametengewa chumba ndugu wa waliopotea, kina makochi na chai na mtu wa kuwafariji. Mama wa kijana alikaa humo siku ya kwanza akitazama midomo inavyopanda na kushuka. Watu waliongea, wakabishana, mmoja akaangua kilio, na baada ya yote hayo mfanyakazi wa kampuni ya nyambizi akamwandikia kwenye karatasi: "Bado wanatafuta." Basi. Mazungumzo yote yale yakawa maneno mawili. Alichukua mkoba wake akashuka ukumbini, akaketi kiti cha mbele kabisa, katikati ya waandishi wa habari, na hakuna aliyethubutu kumnyanyua. Pale angalau palikuwa na mtu anayezungumza naye.

Mkalimani aliijua karatasi ile. Mama yake mwenyewe ni kiziwi, na yeye alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Misibani, harusini, hospitalini, tangu akiwa mdogo ndiye aliyevutwa sketi na kuulizwa: wanasema nini? Na wakubwa wakamjibu, mwambie tutamwambia baadaye.

Nyambizi aliionyesha hivi: kiganja cha kushoto amekilaza, hiyo ndiyo bahari, chini yake mkono wa kulia umefumbwa, hiyo ndiyo nyambizi, na watu wamo ndani. Msemaji angeweza kusema hali ni ngumu ila matumaini yapo, akauma na kupuliza, na kila mmoja akaenda nyumbani na alichokitaka. Mkalimani hakuwa na nafasi hiyo. Mkono lazima uwe mahali fulani, na lazima uwe umefumbwa au umefumbuka. Siku zote hizo aliufumba. Na kila siku, kabla kamera hazijawashwa, mama wa kijana alinyanyua ngumi yake pale kitini na kupandisha nyusi: bado? Naye akajibu kwa ngumi yake: bado. Ikawa kama salamu yao.

Sasa msemaji alimpa karatasi ya siku hiyo, kama kawaida, aipitie kabla ya kuingia. Aliisoma amesimama, kisha akatafuta kiti. Mashine ya kutafutia ilikuwa imeviona vipande vya nyambizi kwenye sakafu ya bahari, karibu na ile meli ya zamani. Hakuna aliyepona.

"Ndugu zao wanajua?" aliuliza.

"Wote. Mimi nisingesoma kitu kama hiki kabla wao hawajaambiwa." Msemaji alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kampuni imewapigia simu mmoja mmoja tangu asubuhi."

"Wamewapigia simu."

"Ndiyo. Hata yule mama wa kijana. Wameniambia simu yake imeita sana lakini..."

Wakatazamana. Msemaji aliyajua yale vizuri tu, alimwona mama yule kila siku; aliyepiga simu alikuwa mtu wa mbali, kwenye meza yake, mwenye namba na jina na huruma zake zote.

"Yesu wangu," msemaji alisema taratibu.

"Niache nikamwambie kwanza. Nimtoe nje, tukae naye."

"Dada, tunaingia hewani sasa hivi. Kuna kituo kimeshaanza kuitangaza. Ningekuwa na muda ningekupa, wallahi."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mama wa kijana alikuwa palepale mbele, gauni limepigwa pasi, mkoba mapajani. Alipomwona tu, akanyanyua ngumi na kupandisha nyusi.

Mkalimani hakujibu. Alijisogeza mahali pake mbele ya pazia la kijivu, akatazama sakafu, na taa nyekundu ya kamera ikawaka. Alipoinua macho, ngumi ya mama bado ilikuwa juu. Ikashuka. Ikapanda tena, safari hii kidogo tu, karibu na kifua, kama ya mtu anayegonga mlango wa watu anaowaogopa.

"Ndugu wananchi," msemaji alianza, "kabla ya yote, naomba nitoe shukrani."

Akawashukuru manahodha. Akawashukuru marubani, kisha madaktari, kisha wapishi wa melini. Hakuwahi kumshukuru mtu katika mikutano ile, hata aliyemletea maji. Aliendelea hivyohivyo, karatasi haijafunuliwa, na katikati ya kuwashukuru walinzi wa geti alimtupia mkalimani jicho. Ndipo mkalimani alipoelewa. Mwanamume yule alikuwa akimtafutia muda, na shukrani zake zilikuwa zinakaribia kwisha.

Mkalimani alimfikiria mama yake nyumbani, amekivuta kiti hadi puani mwa televisheni. Aliwafikiria viziwi wote waliokuwa wakikisubiri kile kiduara, ambao hawana redio wala jirani wa kuwasimulia. Mwalimu wake wa ukalimani alikuwa akiwakazania: usiongeze, usipunguze, usiondoke. Na kama hataondoka, mama huyu ataupata msiba wa mwanawe sawasawa na muuza mboga, kwa wakati mmoja naye, kamera zikimsubiri alie. Hasira ilimpanda, wala hakujua ni ya nani.

Mikono yake ikasimama. Wa nyuma ya kamera alimpungia aendelee. Mkalimani alishuka jukwaani.

Alipiga magoti mbele ya kile kiti cha mbele, mgongo akaupa kamera, akajitanua mabega awe kama ukuta. Alisema kwa alama ndogondogo, chini ya kifua, jinsi viziwi wanavyonong'ona.

"Mama. Nina habari ya mtoto."

Mama alitazama mikono, hakutazama uso. Uso alikuwa ameshauona.

Mkalimani akalaza kiganja cha kushoto. Bahari. Chini yake akaleta mkono wa kulia, umefumbwa, akaushusha polepole hadi ukagusa goti la mama. Uso wake hakuupunguza. Machozi yalimtoka na akayaacha. Kisha akaanza kuufumbua ule mkono; kidole cha kwanza kikalegea.

Mama akaudaka. Aliukamata kwa mikono yake yote miwili, akakirudisha kile kidole ndani na kuibana ngumi ile kwa nguvu za mtu aliyekamua nguo maisha yake yote. Mkalimani alisikia maumivu. Hakuuvuta mkono wake. Mama alitikisa kichwa, hapana, hapana, na akazidi kubana.

Nyuma yao karatasi ilifunuliwa. Msemaji akasoma. Ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, halafu kamera zikaanza kulia. Kwenye skrini kubwa ya ukutani kiduara kilikuwa bado kipo, na ndani yake pazia la kijivu likicheza kidogo kwa upepo wa feni.

Mkoba uliokuwa mapajani ulianza kutetemeka. Wote wawili waliuhisi, mama kwenye mapaja yake, mkalimani kwenye kiwiko alichokuwa amekiegemeza. Simu ikatetemeka, ikatulia, ikaanza tena. Mama hakuachia mkono.