Bawabu Asife

Wifi yake Mama Dadu, ambaye ni wakili, aliusoma mkataba akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Alipofika kifungu cha tisa akaketi.

"Wifi, hiki ulikiona?"

Mama Dadu hakukiona. Walimwita hivyo kwa kuwa alitunga michezo ya mezani, ile ambayo kila mchezaji hujifanya mhusika fulani na dadu ndizo zinazoamua yatakayompata. Safari hii alikuwa ameomba kumtumia Bawabu, shujaa wa katuni za gazetini, na mchoraji wake akakubali kwa maandishi. Kifungu cha tisa kilisema: Bawabu asife, kwa namna yoyote ile.

"Na kwenye mchezo wako?"

"Anayeishiwa nguvu anakufa. Yeyote." Vitabu elfu moja vya kanuni za mchezo vilishachapwa, na mchoraji alikuwa njiani kuja kuujaribu mchezo kabla ya kutia saini ya mwisho.

"Mdanganye basi. Si wewe msimamizi unarusha dadu nyuma ya kile kibao chako cha kuzuia macho? Nani ataona?"

Mchoraji aliingia saa nne asubuhi, mzee mwembamba mwenye wino kwenye kucha. Walimwamkia, akaitikia, akachagua kumcheza Bawabu. Alicheka, akabisha, akajisahau kabisa, mpaka akamwingiza Bawabu peke yake kwenye ghala lenye majambazi sita.

Mama Dadu akarusha dadu, akachungulia. Namba zilimmalizia Bawabu nguvu zote. Hakuwa na pa kutokea. Chini ya meza wifi alimkanyaga mguu kwa nguvu. Kutaja namba nyingine kulikuwa rahisi kama kumeza mate. Halafu akawaza: na huko majumbani watakakoucheza, Bawabu akifa, nani atawakanyaga watu miguu?

"Mzee," alisema, "amekufa."

Mchoraji aliomba kibao kiondolewe. Akaziinamia dadu, akazihesabu moja moja.

"Miaka thelathini namchora," mzee alisema, "sijawahi kumwogopea. Nilijua Jumatatu yumo gazetini. Leo jasho limenitoka."

"Kwa hiyo utasaini?" wifi aliuliza.

"Sisaini. Andikeni ukurasa mwingine. Anayemcheza Bawabu aulizwe kwanza kama yuko tayari kumpoteza. Akikataa, Bawabu aanguke tu, asiamke mpaka mchezo uishe. Mniletee niusome."

Ukurasa alipelekewa jioni ileile. Siku tatu kimya. Mama Dadu hakula cha maana. Simu ikiita anaruka, isipoita anaikagua kama ina chaji. Siku ya nne karatasi ikarudi, maneno mawili yamekatwa kwa wino, saini chini.

Wiki nzima yeye na wifi yake walikuwa sakafuni kwa mpiga chapa, wakichomeka ukurasa ule kitabu baada ya kitabu. Kila alipofunga kimoja, Mama Dadu alikifungua tena kuhakikisha umo.

"Umo, wifi," mwenzake alisema. "Ulikuwemo hata dakika ile iliyopita. Leta kingine."