Jangwa la Rahim na Ziwa la Shangazi

Rahim alirudi kutoka Omani na vitu viwili: koti la ngozi na jangwa. Koti nililisamehe, maana Sumbawanga mwezi wa saba ukitoka bila koti unajitafutia makubwa. Jangwa ndilo lililonishinda. Alikuja nalo sebuleni kwangu Kizwite, limo ndani ya simu, akalifungulia sauti na kuliweka mezani kati ya sahani za maandazi.

"Tazama, Shangazi," aliniambia. "Asubuhi mchanga unakuwa mwekundu. Mchana mweupe. Jioni rangi ya asali kabisa."

"Na mvua?"

"Mwaka jana ilinyesha."

"Mwaka jana siku gani?"

Ummy akacheka, nami nikakasirika, kwa sababu alimcheka kwa mapenzi.

Ummy ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajaota meno, na watoto wa tumbo langu sina. Rahim ni mtoto wa wale wenye mabasi hapa mjini, kijana mwenye adabu, hilo siwezi kumnyima. Miaka kadhaa sasa anaendesha boza huko Omani, anapeleka maji kwenye kambi za wafanyakazi jangwani. Alikuwa ameleta posa, na posa ilikuwa na mkia: ndoa ikishafungwa, anaondoka na mke wake.

Nasema wazi, sikutaka aende. Lakini mtu mzima huwezi kumwambia binti "usiende, nitabaki peke yangu." Watu wa Kizwite watakuimba hadi kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ikabidi nipigane na jangwa lenyewe.

"Mwanangu," nilimwambia Rahim, "hicho unachonionyesha ni kiwanja. Mwenyezi Mungu alishusha mchanga, akashusha kokoto, halafu akaitwa kwenye shughuli nyingine. Hapa Kizwite kila mtu ana lundo la mchanga mbele ya nyumba ambayo haijaisha. Hukuwa na haja ya kupanda ndege."

"Kuna ukimya, Shangazi. Unasikia hadi pumzi yako."

"Kusikia pumzi yangu napanda tu ngazi za benki."

Sasa, baada ya kulitukana jangwa la watu, lazima uwe na cha kuweka mahali pake. Mimi nikaweka Ziwa Tanganyika. Niliwaeleza milima yenye misitu inavyoshuka mpaka majini, nyani wanavyokunywa maji huku wanakutazama, na maji yenyewe yalivyo safi hata unaona jiwe lililolala chini. Kusema kweli ziwani nilikuwa nimefika mara mbili, zote kwa ajili ya msiba. Lakini nililizungumzia kana kwamba nililichimba mimi.

"Kabla hujampeleka binti yangu mahali pasipo na jani," nikamaliza, "twendeni kwanza akaone Mungu alipofanya kazi hadi mwisho."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mtoto wa uwanda wa Ufipa amekulia kwenye majani, upepo, na mikaratusi ya misheni. Mwonyeshe msitu mzito na maji yasiyo na mwisho, atalewa. Akishalewa, mchanga utamtoka kichwani.

Tukaondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, na pikapu ya kina Rahim. Rahim aliendesha, Ummy alikaa dirishani, nami nikakaa katikati na mkoba wangu mpana mapajani, ili kila goti libaki na mwenyewe. Njia yote hadi Namanyere ilikuwa nchi yetu ile ile: mashamba ya mahindi yaliyovunwa, ulezi umeanikwa, vilima vilivyonyolewa, anga hadi inachosha. Baada ya Namanyere barabara ikaanza kuinamia ziwa, miti ikatusogelea, halafu ikatufunika.

"Mnaona?" nikasema.

Ummy alishusha kioo, akatoa kichwa nje. Nilidhani amezidiwa na uzuri.

Mwenyeji wetu Kipili, kijiji cha ziwani, alikuwa Luciana, mfanyabiashara mwenzangu. Mimi namtumia vitenge kwa lori, yeye ananitumia samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, na mwaka wa ngapi sasa tunagombana kwa simu bila kuvunja urafiki. Nyumba yake iko chini ya miembe na miti mingine ambayo sikuijua jina, na kutoka kibarazani unasikia ziwa bila kuliona, maana majani yameziba.

Lazima niwe mkweli: palikuwa pazuri kiasi cha kunitia aibu kwamba nilikuwa natania. Tuliposhuka ufukweni maji yalikuwa ya kijani karibu na ya buluu mbele, visiwa vimekaa kimya, na nyuma yetu mlima ulikuwa mti juu ya mti. Hata mimi mdomo ulifungika, jambo ambalo marehemu mume wangu alilitafuta kwa miaka bila kulipata.

Rahim ndiye aliyerukwa na akili. Huyu mtu wa mchanga na ukimya alikunja suruali, akaingia majini, akatoka, akavua shati, akaingia tena. Alikunywa maji ya ziwa kwa viganja. Alikula migebuka mitatu ya kuchoma na akauliza kama kuna wa nne. Halafu akakaa kwenye jiwe, nywele zinamtiririka maji, akasema:

"Shangazi, umenishinda. Miaka yote nabeba maji kwa boza, kumbe maji yenyewe yako huku yanamwagika bure. Kaka zangu wanataka kuweka basi la kuja huku. Naweza kulisimamia mimi. Tukajenga hapa hapa. Omani nisirudi."

Nilisikia moyo unaruka kama mwali kwenye ngoma. Kipili si Omani. Kipili nafika kwa nauli ya kawaida, nashinda, nagombana na Luciana, narudi. Nikamtazama Ummy nimshangilie.

Ummy alikuwa ameupa mgongo mlima, ameshika ushungi wake kwa mikono miwili, macho yamevimba kidogo kwa sababu ya vumbi la njiani au kitu kingine.

"Mama Luciana," akauliza, "hapa mgeni akija, mnajuaje?"

"Tunajua akishafika," Luciana akasema. "Anapiga hodi."

"Kabla ya hapo hamumwoni?"

"Tutamwonea wapi, mwanangu, na miti hii?"

Ummy akainua macho kwenye majani. Hakula mgebuka wake. Kila jani lilipoanguka aligeuka. Tulilala kwa Luciana, na asubuhi Ummy alikuwa wa kwanza kwenye pikapu, mlango umefungwa, mkanda umefungwa, kana kwamba sisi tuliobaki tulikuwa tumechelewa ndege.

Tukaanza kupanda. Rahim aliimba kwa ndani, anajenga nyumba yake ya ziwani. Mimi nilikuwa nishaipaka rangi. Kisha miti ikaachia, tukatokea juu, uwanda ukafunguka kulia na kushoto, na Ummy akasema, "Simamisha."

Akashuka. Upepo ukampiga usoni, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka kwenye kabati. Sisi tukamfuata.

"Siwezi kukaa kule," alisema. "Rahim, nisamehe. Pazuri, lakini nilikuwa kama nimefunikwa sufuria. Shangazi, shambani umenifundisha nini tangu niko mdogo? Nikae kwenye kichuguu, nikiona kichwa kinachomoza kwenye kilima cha mbali, nipige kelele, uongeze maji ya ugali kabla hata hatujajua ni nani. Mgeni anafika chakula kinamsubiri. Kule mtu anafika, ndiyo unaanza kutafuta unga?"

Ni kweli, nilimfundisha mimi. Ndivyo tunavyoishi huku juu, na kumpikia mtu baada ya kubisha hodi ni aibu ambayo majirani hawasahau.

Rahim alikuwa amesimama mdomo wazi. Nyumba yake ya ziwani ilikuwa imebomoka, lakini uso wake ulikuwa unafurahi.

"Jangwani ndivyo tunavyofanya," alisema taratibu. "Vumbi la gari likionekana, mpishi wa kambi anaongeza mchele. Wakati mwingine wali umeshaiva, mgeni bado tunamwangalia anakuja."

Nilitamani nimzibe mdomo kwa mkoba. Ummy alimgeukia, na nikaona, kwa macho yangu haya mawili, jinsi nilivyoshindwa. Siku zote nilikuwa nagombana na mchanga, wakati jangwa nililitayarisha mwenyewe ndani ya binti huyu, juu ya kichuguu, kwa miaka.

"Basi kaeni Sumbawanga," nikasema. "Kwani hapa huoni mbali? Huu uwanda uliosimama juu yake ni nini? Hakuna hata mti wa kukukera."

"Hapa nimeshaangalia, Shangazi." Akanishika mkono. "Wote wanaochomoza pale nawajua."

Nilikasirika. Niliwakasirikia yeye, Rahim, kaka yangu kwa kufa, na kile kilima cha mbele kwa kutoleta mtu yeyote mpya wakati nilipomhitaji. Nilitaka kumwambia kwamba nikibaki peke yangu nitapika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haupikiki, unaungua. Basi nikamwambia hivyo hivyo. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nimekificha nyuma ya mchanga na kokoto, pale barabarani, huku Rahim anajifanya kukagua tairi.

Ummy alilia. Hakusema atabaki. Ningemdharau kama angesema.

Nikafungua mkoba, nikampa leso, nikatafuta nyingine yangu nikaikosa, nikatumia ncha ya kitenge.

"Nenda," nikasema. "Pasi yangu ya kusafiria nitaishughulikia mimi mwenyewe. Nitakuja. Sitapiga simu wala sitatuma ujumbe kwamba nimefika."

"Sasa nitajuaje, Shangazi?"

"Uwe unaangalia."