Fundi Ambaye Mwandishi Hakumwandika

Dada alikufa Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, akiwa amesimama kwenye mashine ya fotokopi. Mashine iliendelea kutoa karatasi. Mteja aliyekuwa akisubiri nakala thelathini za katiba ya kikundi chao alimwita mwenye duka, na mwenye duka akanipigia simu mimi, nikiwa kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Nilipofika, mteja bado alikuwepo. Aliniuliza kama ninaweza kumtolea zile kumi zilizobaki.

Nilimtolea. Mtu huyo sijamsamehe na sina mpango.

Kwenye matangazo ya msiba Kaka aliandika kwamba marehemu alikuwa mhudumu wa duka la fotokopi. Ni kweli, lakini ni sawa na kusema kisima ni shimo.

Dada alianza kuandika akiwa kidato cha pili. Gazeti moja la kila Jumamosi lilikuwa na hadithi ya mfululizo kuhusu Jaji, bwana mkali aliyehukumu watu mahakamani, kisha akaja kuwahukumu wa nyumbani. Bweni zima lilisoma nakala moja, kila mtu kwa zamu. Wiki ya kumi na mbili mwandishi alimuua mke wa Jaji kwa sentensi moja tu: mkewe alifariki, naye akarudi kazini. Dada aliisoma mara tatu, akasema, "Huyu bwana amechoka. Hapa hajafa mtu." Akachukua daftari lake la Jiografia, akaligeuza upande wa nyuma, akaendelea pale mwenzake alipoachia.

Katika daftari lile mke wa Jaji hakufa. Alitoroka na mfuko mmoja, na katika daftari la pili akapanga chumba uani kwa fundi cherehani, mwanamke anayechechemea mwenye ulimi wa wembe. Fundi huyo hakuwamo gazetini. Dada alimtoa kichwani mwake, ingawa marehemu mama alidai hadi mwisho kwamba ametolewa kwake.

Madaftari yalikuwa na sheria. Ukurasa wa kwanza Dada aliandika maneno yaleyale kila mara: Jaji na mkewe ni wa Mwandishi, mimi nimewaazima. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wasomaji. Ukimaliza, unaweka jina lako la utani, tarehe, na lalamiko. Asiyelalamika hapewi daftari linalofuata. Muuza Vipuri aliandika, "Jaji anakula vizuri mno, mpunguzie." Nesi wa Zamu aliandika, "Mgonjwa wa homa ya matumbo hapandi ngazi za ghorofa tatu." Dada alisahihisha ngazi.

Shule ikaisha, madaftari hayakuisha. Alipopata kazi dukani alinakili sura kwenye karatasi zilizoharibika upande mmoja. Simu zilipokuja akazipiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la wasomaji wake, na humo wengine wakaanza kuiendeleza hadithi yake yeye. Mmoja alimwandikia Fundi utoto. Mwingine alimfilisi Jaji akamfanya mlinzi wa ghala. Dada aliwaita wajukuu zake, akawalalamikia kama sheria inavyotaka. Msemo wa Fundi, kwamba sindano haiombi ruhusa kwa kitambaa, ukatoka daftarini ukaenda mitaani. Niliuona umepakwa rangi ukutani kwa kinyozi. Niliusikia redioni, mtangazaji akisema ni methali ya wahenga.

Miaka miwili iliyopita Mwandishi alikusanya hadithi yake ya gazetini akaitoa kitabu. Safari hii mke hakufa. Alipanga chumba kwa fundi cherehani anayechechemea, na sindano haikuomba ruhusa.

Dada alikisoma palepale kwenye mashine. "Angalau mguu unaochechemea ni uleule," alisema.

"Mwandikie barua."

"Mimi nimeazima watu wake wawili zaidi ya miaka ishirini. Yeye kaazima mmoja."

"Wewe uliandika kwamba umeazima. Yeye ameandika wapi?"

Aliongeza karatasi kwenye mashine.

Jumamosi, siku ya kumi na moja baada ya mazishi, nilitoka zamu saa saba mchana nikapitia kwa Kaka, kwenye nyumba ya wazazi, ambako vitu vya Dada vilikuwa vimewekwa. Sebuleni alikaa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa hadi kola, viatu hakuvua. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa salfeti ukiwa wazi, na madaftari yamepangwa matano matano.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba. Pole kwa msiba. Wewe ndiye mdogo wake?"

"Ndimi. Na wewe ndiye wa gazetini."

Alitabasamu kidogo, akidhani nimemsifu. Kaka alikohoa. Kaka ni karani wa mahakama, na neno kesi humtisha kuliko neno kansa. "Mdogo wangu, kaa. Bwana Mwandishi amekuja kistaarabu. Angeweza kuleta wakili."

"Amekuja kuchukua nini?"

"Kilicho changu," alisema Mwandishi. "Sina ugomvi na marehemu. Lakini maandishi yaliyochotwa kwenye kazi yangu hayawezi kuendelea kuzunguka mikononi mwa watu. Kitabu kinaingia mashuleni. Naombwa maelezo." Akafungua daftari moja, akanigeuzia. "Na yeye mwenyewe alikiri. Tazama mwandiko wake. Nimewaazima. Kitu cha kuazima hurudishwa kwa mwenyewe, au siyo?"

"Unaona?" alisema Kaka. "Kila daftari. Kila moja. Mimi nilimwambia zamani, acha kuchezea vya watu, andika vyako. Akanicheka."

"Alikucheka kwa sababu uliazima gauni la harusi la mkeo ukasema umelinunua."

"Usilete ya gauni hapa."

Nilikaa. Nilikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali na nilitaka aisikie. "Isome tena hiyo sentensi, mzee wangu. Taratibu."

"Jaji na mkewe ni wa Mwandishi, mimi nimewaazima."

"Fundi yuko wapi hapo?"

Alipitisha kidole kwenye mstari ule.

"Dada alikuwa mtu wa hesabu ndogondogo. Aliazima wawili, akaandika wawili. Fundi hakumwandika kwa sababu hakumwazima. Wewe umempata wapi?"

"Mafundi cherehani wamejaa kila mtaa, binti yangu. Mtu hawezi kumiliki fundi."

"Basi huyu hawezi kuwa wako pia. Waachie watu wa mtaa."

"Nyamaza," alisema Kaka.

Nilianza kuyatafuta madaftari kwa namba. Fundi anaingia daftari la pili, la kwanza likiwa la kutoroka tu. Nililipata chini ya fungu la kwanza, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikasoma kwa sauti majina na tarehe. Bibi Chaki, mwezi wa tatu, ana lalamiko kwamba Fundi anatukana sana mbele ya watoto. Macho Manne, mwezi huohuo, anataka Fundi aolewe. Kulikuwa na majina kumi na tisa. Yote yalikuwa ya miaka ambayo Mwandishi alikuwa bado amemlaza mke wa Jaji kaburini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja mwenyewe, Jumamosi, bila wakili. Hadithi za Dada hazikumsumbua. Tarehe ndizo zilimsumbua.

"Tarehe kila mtu anaweza kuandika," alisema, lakini aliinua mkono kulipokea daftari.

"Majina haya yana wenyewe. Bibi Chaki anafundisha Hesabu hapo ng'ambo ya barabara. Nikamwite?"

"Kwa miaka mitano," alisema polepole, "nilipokea barua za watu wakiniuliza habari za mwanamke ambaye sikumjua. Wananisifu kwa ajili yake. Wananiuliza kwa nini simwandiki tena. Unajua inavyokuwa? Mtu anakuja nyumbani kwako anamsalimia mgeni aliyekaa kwenye kiti chako."

"Ukamtoa mgeni, ukabaki na kiti na mguu wake."

Kaka alisimama. "Imetosha. Bwana, chukua mfuko. Hapa hatutaki kesi, wala hatutaki marehemu wetu aitwe mwizi. Yaishe."

"Anayemwita mwizi ni wewe," nilimwambia. "Huyu bado alikuwa anatafuta neno la adabu."

"Weka daftari mezani."

"Siweki."

"Ukitoka nalo, mlango huu usiurudie."

Mwandishi alianza kuyarudisha mengine mfukoni, akiyapigapiga kingo zilingane, mtu nadhifu. Alikuwa na kumi na matatu. Akauliza mengine yako wapi, kwa maana kwenye kundi la simu watu walitaja ishirini na mawili. Kaka akanitazama mimi.

Nilijua. Manane yalikuwa kwa wasomaji, kama siku zote. Nilisema sijui. Nikaingiza daftari la pili ndani ya sare ya kazi, nikavaa kandambili zangu mlangoni, nikaondoka. Hakuna aliyenifuata.

Wiki zilizofuata yale manane yalinifikia kazini, moja moja. Muuza Vipuri alileta lake limefungwa kwenye gazeti. Nesi wa Zamu aliliacha lake juu ya rundo la mashuka. Macho Manne, ambaye sasa ana mvi, aliniuliza kama nitaendeleza. Nilimwambia siwezi. Alisema, "Basi nalalamika," akaandika hivyo ukurasa wa mwisho, akatia tarehe.

Kumi na matatu sijui kama bado yapo au yamechomwa. Kaka ananitumia salamu kupitia mkewe, nami sizijibu.

Kitabu kimeingia kwenye orodha ya shule. Mwakani binti yangu anaanza kidato cha pili, na Fundi atakuwa kwenye mtihani.