Mfalme Asiyekaa

Dada yangu ni fundi cherehani, na anaamini kwamba binadamu aliumbwa asimame. Ukienda kwake kupimwa atakwambia simama wima, vuta pumzi, usinichekeshe, huku anakuzungusha kama mtuhumiwa. Nguo ikikutoa vizuri ukiwa umesimama, kwake kazi imekwisha. Utakaaje nayo, hilo utajuana na kiti chako.

Mimi nililijua hilo tangu utotoni, lakini siku aliponishonea suruali ya mfalme akili yangu ilikuwa kwingine. Nilitaka kuoa. Msichana mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, alishakubali zamani. Aliyebaki alikuwa baba yake, hakimu mstaafu, mtu aliyewahukumu watu miaka nenda miaka rudi bila kusitasita, ila kesi yangu akawa anaiahirisha tu. Nikienda kumwamkia ananiuliza kazi, ananiuliza afya, kisha anasema atatafakari. Mwisho Mwalimu akanipasulia ukweli: baba anaona kila kitu kwangu ni mzaha. Nikacheka. Akanitazama kwa huruma.

Tena palikuwa na suala la kiti. Sebuleni kwao Hakimu alikuwa na kiti chake kipana cha ngozi nyekundu, kimepauka pale anapoegemeza mikono. Hakuna mtu mwingine aliyekikalia, hata mkewe. Siku yangu ya kwanza nilikuwa karibu kukikalia kwa kutojua, Mwalimu akanivuta shati kwa nguvu hadi kifungo kikaruka. Kikabingirika taratibu, kikaishia mbele ya viatu vya mzee. Akakitazama, na mimi, kwa akili zangu, nikacheka.

Basi Mwalimu akaandaa mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa mtaa wetu, habari za mfalme wa kale anayeketi kuamua ugomvi wa majirani wawili waliogombea jogoo. Ufalme nikapewa mimi. Hakimu akakubali kuja kutazama, na akaagiza niambiwe kwamba anataka kuniona nikilibeba jambo moja hadi mwisho bila kuchekacheka, kisha atatoa jibu lake palepale. Halafu Mwalimu, kwa kuwa kila kiti ukumbini kilikuwa cha plastiki, akamwomba baba yake kile chekundu kiwe kiti cha enzi. Mzee alikitoa kwa uso wa mtu anayeazimisha meno yake.

Mavazi alikabidhiwa dada. Alikuwa na kitabu kikuukuu cha mafundi, kimejaa michoro ya kukatia nguo za wanaume wa enzi hizo: koti refu lenye mikunjo nyuma, kizibao chenye vifungo utitiri, na suruali ya kubana inayoishia chini ya magoti. Koti alilipatia, kizibao kikamkubali. Walipokosana na kitabu ni kwenye suruali. Mchoro ulionyesha nyuma pana ajabu, gunia zima la kitambaa linalotakiwa kukunjwa na kushikizwa kiunoni. Dada akaugeuza mchoro juu chini. Akasema aliyeuchora ama alikuwa amelewa ama alikuwa na mteja mmoja tu, mwenye makalio yake ya pekee. Nikamwambia labda walikuwa na sababu. Akaniuliza mimi ni fundi wa nini. Nikajibu, wa majokofu. Akashika chaki, akalifuta gunia lote, akakata nyuma ikalingana na mapaja.

Suruali ilikamilika siku ileile ya mchezo, maana vitundu vya vifungo vyote alivishona kwa mkono na hakutaka kuharakishwa. Mazoezi yote nilikuwa nimefanya na suruali yangu ya kazini. Nilivalia nyuma ya pazia nikiwa nimesimama, dada akanizunguka, akakata uzi kwa meno, akatangaza kwamba hajawahi kushona kitu kizuri kama kile. Na kweli nilipendeza. Hatua zilikuwa fupi kidogo, ila nikajiambia wafalme hawana haraka.

Pazia likafunguliwa. Hakimu alikuwa safu ya mbele, juu ya plastiki, macho hayapo kwangu, yapo kwenye kiti chake. Askari wa mfalme akatangaza kwamba mfalme anaketi. Nikapinda magoti. Nusu ya safari suruali ikagoma, kama mlango uliokutana na kitanda. Nikasikia uzi mmoja unakatika. Nikainuka. Nikajaribu kwa ubavu, ikagoma. Nikajaribu kujiegemeza ukingoni, uzi wa pili ukaniaga. Ndipo nilipoelewa gunia lile lilikuwa la nini: wazee wale walibanwa mbele kote, na nafasi yote ya kukalia wakaibeba nyuma. Dada yangu alikuwa amekata nafasi yangu ya kukaa, akaitupa pamoja na mabaki ya kitambaa.

Askari akatangaza tena. Mwalimu, nyuma ya pazia, akanifanyia ishara ya kukaa. Dada, safu ya tatu, akanifanyia ishara ya thubutu uone. Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliiona ndoa yangu yote imening'inia kwenye mshono mmoja.

Nikasema kwa sauti nzito kwamba mfalme wa leo atasikiliza akiwa wima. Nikashika mgongo wa kiti, na majirani wakaanza kugombea jogoo wao, ambaye alikuwa mto wa kulalia uliovishwa soksi nyekundu kichwani. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilijaribu kucheka mara moja, tumbo likasukuma kiuno, kiuno kikalalamika, nikarudi kwenye umakini mbio. Nikaamua kesi, nikamkabidhi mwenyewe jogoo wake, nikamaliza nikiwa na uso wa msibani. Watu wakapiga makofi.

Hakimu hakupiga. Aliinuka, akapanda jukwaani, makofi yakazimika taratibu kwa kuwa kila mtu alidhani ni sehemu ya mchezo.

"Nilikuja hapa nimeshaamua," akaniambia. "Nilisema, akikikalia kiti changu mbele yangu huku anacheka, jibu ni hapana. Hukukikalia. Hukucheka. Sasa nakukaribisha mwenyewe. Kaa, mwanangu."

Ningeweza kushukuru na kuomba ruhusa ya kwenda kubadilisha nguo. Mwalimu alikuwa anafuta machozi kwa pazia. Lakini mzee alikuwa ameniita mwanangu, na sikutaka jina hilo nipewe kwa sababu ya suruali.

"Baba," nikamnong'oneza, "sikusimama kwa heshima. Suruali hainiruhusu kukaa. Na kucheka pia haikuniruhusu."

Hakimu akaitazama suruali kwa mbele. Akazunguka, akaitazama kwa nyuma, mikono mgongoni, kama anakagua kidhibiti mahakamani. Akauliza ameishona nani. Nikamwonyesha dada, ambaye ghafla alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye dari. Mzee akarudi mbele yangu.

"Mimi nimeshasema kaa."

Nikakaa. Mshono uliachia kuanzia kiunoni, na waliokuwa safu za nyuma walidhani pazia limechanika. Niliusikia ubaridi wa ile ngozi nyekundu mahali ambapo mfalme hapaswi kuusikia. Kutoka safu ya tatu dada akasema, bila kuulizwa, kwamba nikiwa nimesimama ilikuwa haina kasoro.

"Umekaa?" Hakimu akauliza.

"Nimekaa, baba."

"Basi usiinuke."

Akawaita askari wa mfalme na majirani wa jogoo, akawapanga kila mmoja kwenye upande wake wa kiti, nikanyanyuliwa pamoja na kiti changu. Yeye akafuata nyuma, amelikunjua koti lake na kulishika kama pazia, asije mtu akaona kisichomhusu. Tulipofika nyuma ya jukwaa nilikuwa nacheka, kwa kuwa hapakubaki tena cha kuchanika, na mgongoni kwangu nikamsikia baba mkwe naye anacheka.